Elimu ya Afya: Si Kila Kipele cha Usoni ni Chunusi

Mtu mzima anapoona vipele vikijirudia mashavuni, puani na kidevuni, mara nyingi hudhani ni chunusi zilizochelewa. Hununua krimu dukani, hupaka, na baada ya siku chache uso hutulia. Akiacha kupaka, vipele hurudi kwa wingi kuliko awali. Wananchi wa Maramba na vijiji jirani wanakumbushwa kuwa hali hiyo yaweza kuwa rosasea, na kwamba krimu isiyo sahihi hugeuza tatizo dogo kuwa kubwa.

Rosasea ni nini?

Rosasea ni ugonjwa wa muda mrefu wa ngozi ya uso. Mishipa midogo ya damu hutanuka kwa urahisi na ngozi huvimba. Hauambukizi, wala hautokani na uchafu. Huwapata zaidi watu wenye umri wa miaka 30 na kuendelea. Hauna tiba ya kuumaliza kabisa, lakini ukiwa katika hatua ya awali hudhibitika vizuri.

Vitabu vingi huutambulisha kwa wekundu wa uso. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kwa urahisi, na ndiyo sababu ugonjwa huchelewa kutambuliwa. Dalili za kuzingatia ni uso kupata joto la ghafla, ngozi kuwaka au kuchoma inapopakwa sabuni au mafuta, ukavu, na vipele vidogo, pengine vyenye usaha. Tofauti na chunusi, rosasea haina vile vichwa vyeusi vya mafuta yaliyoziba vitundu vya ngozi. Baadhi ya wagonjwa huwashwa macho na kuhisi kama yana mchanga. Dalili hii isipuuzwe.

Hatari ya krimu za kujinunulia

Krimu zenye steroidi kali, kama betametasoni na klobetasoli, hubana mishipa ya damu kwa muda, hivyo mtumiaji huamini kuwa amepona. Zikitumika usoni kwa wiki au miezi, ngozi huwa nyembamba, mishipa hutanuka na vipele huongezeka. Krimu hizo zaweza hata kusababisha hali inayofanana na rosasea kwa mtu ambaye hakuwa nayo.

Mkorogo nao ni hatari. Baadhi ya michanganyiko hiyo huwa na steroidi, hidrokwinoni au zebaki. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Tangu mwaka 2019, usimamizi wa usalama wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Aliyekwisha kutumia krimu hizo kwa muda mrefu asione haya. Afike kituoni akiwa na kopo au boksi lake, ili mtaalamu ajue kilichomo na kumwelekeza namna ya kuacha.

Mambo ya kuzingatia nyumbani

1. Kukinga uso na jua kwa kofia pana, mtandio au mwavuli, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mwenye uwezo atumie pia mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi.
2. Kuosha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, bila kusugua kwa dodoki.
3. Kupaka mafuta laini yasiyo na manukato.
4. Kuacha chai ipoe kidogo kabla ya kunywa, na kupika mahali penye hewa ili uso usikae karibu na joto la moto.
5. Kuandika kwa wiki mbili kilichotangulia kila uso ulipowaka: jua, pilipili, pombe, msongo wa mawazo au kipodozi. Vichocheo hutofautiana, hakuna haja ya kuacha kisichokudhuru.

Wakati wa kwenda kituoni

Hatua hizo zisipoleta nafuu, mgonjwa afike zahanati au Kituo cha Afya Maramba. Mtaalamu anaweza kumwandikia dawa ya kupaka, kama jeli ya metronidazo, au vidonge vya doksisaiklini. Nafuu huchukua wiki kadhaa, hivyo dawa isikatishwe mapema. Mjamzito aeleze hali yake, kwa kuwa doksisaiklini haimfai.

Uchunguzi ni muhimu pia kwa sababu fangasi, lupasi na ukoma huweza kujitokeza usoni. Baka lililokufa ganzi, au upele wa uso unaoambatana na homa na maumivu ya viungo, lichunguzwe mapema. Maumivu ya jicho au kuona ukungu kunahitaji huduma siku hiyo hiyo.

Ikihitajika, mgonjwa hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Tanga, na hata KCMC mjini Moshi, ambako kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992.

Wananchi wanashauriwa kupima kabla ya kupaka.