Kutengeneza Upya Injini ya Pikipiki: Kupima Kabla ya Kukata

Katika miji iliyo kando ya Mlima Kenya, kama vile Nyeri, Karatina, Naro Moru, Nanyuki na Embu, pikipiki ni chombo cha kazi. Hubeba abiria, hubeba maziwa, hubeba kabichi za kupelekwa sokoni. Pikipiki ikilala, mwenyewe hapati riziki ya siku hiyo. Na kama aliinunua kwa mkopo, deni halilali. Ndiyo sababu watu wengi huifungua injini nyumbani, chini ya bati, kwa spana chache na bisibisi. Kazi hiyo yawezekana kabisa, mradi mtu aanze kwa kupima. Wako waanzao kwa kukata chuma, na chuma kikishakatwa ni kama maji yaliyomwagika: hayazoleki.

HEWA YA MLIMANI

Mji wa Nyeri uko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki iko juu zaidi. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini hupata nguvu kwa kuchoma petroli pamoja na hewa. Hewa ikipungua, nguvu nayo hupungua. Kwa makadirio, silinda ile ile hupata Nyeri hewa iliyo pungufu kwa sehemu moja katika sita kuliko ile ambayo ingeipata Mombasa. Basi pikipiki ipandayo kilima kwa unyonge huenda haina ugonjwa wowote.

Kabureta nayo yahusika. Ikiwa ilipangwa kwa nchi ya chini, ikifika mlimani petroli huzidi hewa. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi yenye masizi, na petroli kwisha upesi. Kwanza chujio la hewa litazamwe, kwa maana likijaa vumbi huleta dalili hizo hizo. Likiwa safi, dawa ni kubadili jeti, yaani kile kijitundu kinachopitisha petroli, na kutia iliyo ndogo kwa namba moja au mbili. Plagi ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, kipimo ni sawa. Ikiwa nyeupe, petroli ni chache mno.

Lakini aliyepunguza jeti Nanyuki akumbuke kuirudisha ya kwanza kabla ya kushuka Mwea au pwani. Huko hewa ni nzito zaidi. Injini inyimwayo petroli hupata moto kupita kiasi, na pistoni yaweza kuyeyuka na kutoboka.

KUUJUA UGONJWA

Moshi wa buluu ni habari nyingine. Huonyesha kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Huenda ringi za pistoni zimelika, au mipira ya valvu imekauka. Fundi hupambanua kwa kipimo cha mgandamizo, ambacho hufungwa mahali pa plagi. Aukamue mkono wa petroli hadi mwisho, azungushe injini, aandike namba aionayo. Kisha atie kijiko kidogo cha oili katika tundu la plagi na apime tena. Namba ikipanda sana, ringi ndizo zenye kasoro, kwa sababu oili imeziba nafasi yao kwa muda. Isipopanda, atazame valvu na gasketi ya kichwa.

KUFUNGUA

Mahali pa kazi pawe safi, pasipo upepo wa vumbi. Vipande vitandazwe juu ya kitambaa kwa utaratibu ule ule vilivyotolewa. Kabla ya kuondoa vibanio vya pini ya pistoni, mdomo wa injini uzibwe kwa kitambaa, kwa kuwa kibanio kikitumbukia ndani hulazimu injini yote kufunguliwa. Vibanio vya zamani visirudishwe, vinunuliwe vipya. Vyuma visioshwe kwa petroli karibu na jiko wala taa ya moto. Watu wameungua kwa uzembe huo.

HESABU YA KUPANUA SILINDA

Silinda iliyolika huchongwa na fundi mwenye mashine, ikatiwa pistoni kubwa zaidi. Kwa kawaida pistoni hizo huzidi ya kwanza kwa milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Inunuliwe pistoni kwanza, ndipo silinda ichongwe kwa kuifuata.

Wako wanaotaka kuongeza nguvu kwa kuruka mara moja hadi 1.00. Na tufanye hesabu. Silinda yenye upana wa milimita 56, ambamo pistoni husafiri milimita 58.8, ina ukubwa wa cc 144.8. Ikipanuliwa hadi milimita 57, huwa cc 150. Faida ni cc 5 na kitu, yaani chini ya sehemu 4 katika mia. Mlima umekwisha kutwaa zaidi ya 16 katika mia, wala faida hiyo haiwezi kuzirudisha. Zaidi ya hayo, silinda ambayo ingetengenezwa mara nne sasa imemaliza maisha yake yote kwa siku moja. Mwenye busara huchonga kiasi kile tu kinachoondoa mikwaruzo.

Vivyo hivyo kwa kukwangua kichwa cha silinda ili kuongeza mgandamizo. Ikizidi kidogo tu, valvu zaweza kugonga pistoni. Na injini iliyovumilia Nyeri yaweza kugonga vibaya katika joto la nchi ya chini.

KUFUNGA NA KUZOEZA

Kila ringi isukumwe ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha nafasi kati ya ncha zake ipimwe. Kwa injini za kiasi hiki, nafasi ya milimita 0.10 hadi 0.30 ni ya kawaida, lakini kitabu cha mtengenezaji ndicho hakimu. Isipokuwapo nafasi, ringi ikipata joto hutanuka, ncha zikagongana, na silinda ikakwaruzwa. Wakati wa kufunga, ncha za ringi zisielekee upande mmoja. Bolti za kichwa zikazwe kwa kukingamana, kidogo kidogo, wala si moja mpaka mwisho. Nafasi za valvu zipimwe injini ikiwa baridi.

Kilomita 500 za kwanza ni za kuzoeza injini. Isibebeshwe mizigo mizito, isikamuliwe hadi mwisho, wala isiachwe ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu. Baadaye oili imwagwe, maana imechukua unga wa chuma.

Mwisho, kila kipimo kiandikwe katika daftari: mgandamizo, namba ya jeti, upana wa silinda na tarehe. Injini ikidhoofika tena, mwenye daftari atajua mahali pa kuanzia, na hatauza mbuzi kulipia pistoni ambayo haikuhitajika.