Jalada la Sanaa la AP: Kiulize Chuo Kabla ya Kulipa

Katika shule nyingi za sekondari nchini Marekani, mwanafunzi mwenye kipaji cha kuchora, kufinyanga au kupiga picha hupata nafasi ya kusoma sanaa kwa kiwango cha chuo. Somo hilo ni sehemu ya mpango wa Advanced Placement, unaojulikana kwa kifupi kama AP na kusimamiwa na taasisi ya College Board. Wazazi huambiwa kwamba mtoto akifaulu atapata krediti na kupunguza gharama za chuo. Krediti hapa si mkopo, bali ni kipimo cha masomo kinachohesabiwa katika kukamilisha shahada.

Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. College Board hutoa alama, na chuo ndicho kinachoamua kama alama hiyo itazaa krediti. Ni vyema familia ikaielewa tofauti hii kabla ya kutoa fedha.

Kinachopimwa

Somo hili halina mtihani wa kuandika darasani. Mwanafunzi hukusanya kazi zake katika jalada na kuliwasilisha kwa njia ya mtandao mwanzoni mwa Mei. Yapo majalada ya aina tatu: la uchoraji, la sanaa bapa kama vile picha za kamera, chapa na usanifu wa vitambaa, na la sanaa ya maumbo kama vile uchongaji na ufinyanzi.

Kila jalada lina sehemu mbili. Ya kwanza ni uchunguzi endelevu, wenye picha 15 na uzito wa asilimia 60 ya alama. Ya pili ni kazi teule tano, zenye uzito wa asilimia 40. Alama ya mwisho huanzia 1 hadi 5.

Uchunguzi endelevu huongozwa na swali la mwanafunzi mwenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni: binti anayeishi Marekani anauliza jinsi kanga za bibi yake zinavyotunza kumbukumbu za nyumba iliyoachwa nyuma. Anaanza kwa rangi za maji, anaona hazitoshi, anajaribu kuchapa juu ya kitambaa, kisha anashona vipande pamoja. Majaribio hayo, pamoja na yale yaliyoshindikana, yaweza kuwa miongoni mwa picha zake 15, kwa sababu wasahihishaji hutafuta ushahidi wa mazoezi, majaribio na marekebisho. Mwanafunzi huambatanisha pia maelezo mafupi kuhusu swali lake na jinsi kazi ilivyobadilika. Picha 15 nzuri zisizo na uhusiano haziwezi kuchukua nafasi ya safari hiyo. Kwa hiyo jalada huanza kujengwa mapema katika mwaka wa masomo. Halitengenezwi mwezi wa Aprili.

Gharama na tarehe

Ada hubadilika mwaka hadi mwaka. Kwa mwaka wa masomo wa 2024/25, ada ya kawaida ndani ya Marekani ilikuwa dola 99 kwa kila mtihani, na jalada moja huhesabiwa kuwa mtihani mmoja. Kwa somo la mwaka mzima, usajili hufungwa katikati ya Novemba, na anayechelewa huongezewa ada ya dola 40. Familia zenye kipato kidogo zina haki ya kuomba punguzo, na katika baadhi ya majimbo serikali hulipia sehemu iliyobaki. Mwoneni mratibu wa AP shuleni kabla ya Novemba, wala msiliache somo kwa kudhani kuwa ada haipunguzwi. Ulizeni pia ni vifaa gani vitatolewa na shule na vipi mtanunua wenyewe.

Alama si krediti

Vyuo havina msimamo mmoja. Kimoja hukubali alama ya 3, kingine hudai 4 au 5, na kingine hakitoi krediti yoyote kwa jalada la sanaa. Hata krediti ikitolewa, aina yake ina uzito. Krediti inayochukua nafasi ya somo la lazima huokoa karo ya somo hilo. Krediti ya somo la hiari huokoa fedha pale tu ambapo shahada ina nafasi ya kuipokea.

Jimbo la Illinois ni mfano mzuri. Sheria ya jimbo hilo huvitaka vyuo vya umma vitoe krediti kwa alama ya 3 na kuendelea, lakini chuo husika ndicho kinachoamua kama krediti hiyo itahesabiwa katika fani ya mwanafunzi au kama somo la hiari.

Jambo jingine la kutofautisha ni udahili. Vyuo vingi vya sanaa hudai jalada la kuombea nafasi, lenye masharti yao wenyewe. Kazi zilezile zaweza kutumika, lakini kuwasilisha jalada la AP si kuomba nafasi chuoni.

Tahadhari kwa anayelipia msaada

Mwalimu wa ziada aweza kumfundisha mwanafunzi mbinu na kumpa maoni. Hawezi kuahidi krediti, wala kuahidi alama ya 5. Jihadharini na yeyote anayejitolea kuchora, kukamilisha au kuandika maelezo kwa niaba ya mtoto. Kazi lazima iwe ya mwanafunzi mwenyewe. Matumizi ya akili mnemba yamepigwa marufuku katika hatua yoyote ya ubunifu, na kunakili picha ya mtu mwingine bila kuigeuza kwa kiasi kikubwa ni wizi wa kazi. Ukiukaji waweza kusababisha alama kufutwa. Mdanganyifu atakuwa amekwisha kulipwa, na hasara itabaki kwa mwanafunzi.

Zoezi la nyumbani

Kabla ya Novemba, kaeni na mtoto, andikeni majina ya vyuo vitatu anavyovitamani, kisha tumeni maswali haya kwa ofisi ya msajili ya kila chuo:

1. Je, chuo hutoa krediti kwa jalada la sanaa la AP la aina hii, na kwa alama ipi?
2. Je, ni krediti ngapi, na zinachukua nafasi ya somo gani?
3. Je, zitahesabiwa katika fani anayokusudia kusoma?
4. Je, utaratibu huu utamhusu mwanafunzi atakayejiunga mwaka wake?

Ombeni majibu kwa maandishi na myahifadhi. Majibu yakionyesha kuwa krediti haipo, somo laweza bado kumfaa mtoto kwa nidhamu na kazi atakazozipata. Hapo mtakuwa mmelipa mkijua mnacholipia.