Hewa ya Yai Viza: Sumu na Dawa

Hapana asiyeijua harufu ya yai viza. Harufu hiyo ni ya hewa iitwayo haidrojeni salfaidi, nayo ni sumu kali. Hukusanyika katika mashimo ya vyoo, na ikizidi huiua nguvu ya pua. Mtu akadhani imeondoka, kumbe ndiyo imemzunguka. Kwa hivyo, aonapo mtu mwenziwe ameanguka shimoni, asimfuate mikono mitupu. Wengi wamekufa kwa huruma hiyo.

Huenda msomaji akauliza: Sumu hii yaingiaje katika habari za dawa?

Jawabu ni kuwa miili yetu wenyewe huitengeneza, kidogo sana. Mwaka 1996 wataalamu wa Japani, Abe na Kimura, walionyesha kuwa ina kazi yake katika ubongo. Mwaka 2008 ikabainika kuwa panya walionyimwa uwezo wa kuitengeneza hupandwa na shinikizo la damu, kwani hewa hii hulegeza mishipa. Hata kitunguu thomu tunachokipika kila siku kimo katika habari hii: utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa chembe nyekundu za damu huigeuza salfa iliyomo ndani yake ikawa hewa iyo hiyo.

Sasa tutazame dawa. Vidonge vya maumivu kama naproxen hutuliza viungo, lakini hutoboa tumbo. John Wallace wa Kanada na wenziwe wakaiunganisha naproxen na kitu kitoacho hewa hii, ili tumbo lihifadhike. Katika jaribio la siku 14 ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020, watu 244 wenye afya walipimwa: waliotumia naproxen, asilimia 42.1 walipata vidonda. Waliotumia dawa mpya, asilimia 2.5 tu.

Je, jambo limekwisha? La. Mwaka 2021 baadhi ya waliojaribiwa walionyesha dalili za kudhurika ini, na mwaka 2024 wakuu wa dawa wa Marekani wakasimamisha majaribio.

Basi fundisho ni hili: kitu kimoja huua na huponya, na baina ya mawili hayo pana kipimo. Mwenye presha asiache dawa ya daktari kwa kutegemea thomu. Na mwenye maumivu ya mgongo asimeze vidonge kila siku bila ya kuuliza. Kuuliza si aibu. Aibu ni kujidhuru kwa kutojua.