Kabla ya Kutoa Milioni kwa Hedfoni, Lifunze Sikio Lako

Siku ya kwanza nilipovaa hedfoni ya Stax, niliomba wimbo mmoja tu: taarabu niliyoisikia nyumbani tangu utotoni. Mwimbaji hajafungua kinywa, nikamsikia akivuta pumzi. Halafu upande wa kushoto, nyuma ya fidla, kidole kikateleza juu ya waya wa udi. Pumzi ile na kidole kile vilikuwamo kwenye wimbo miaka yote. Mimi ndiye sikuwahi kuvisikia.

Hicho ndicho kinachowavuta wapenzi wa sauti hadi kwenye bei zinazoshangaza. Focal Utopia kutoka Ufaransa ilitoka mwaka 2016 kwa takriban dola 4,000, yaani mamilioni kadhaa ya shilingi za Tanzania. Susvara ya HiFiMan ilikuja kwa dola 6,000. HE 1 ya Sennheiser, iliyotangazwa mwaka 2015, ina amplifaya yake ndani ya kasha la marumaru ya Carrara, na bei yake inafika dola 50,000 na zaidi.

Kama umeanza kuzitamani, usione haya. Raha yake ni ya kweli. Ila inadai maandalizi, na mengi ya maandalizi hayo hayana gharama. Fanya hivi.

1. Jua unachokwenda kusikiliza

Usiende kutafuta besi ya kutikisa meno. Hiyo utaipata kwa dola 50. Huku juu watu wanalipia vitu vitatu.

Cha kwanza ni utengano: kila chombo kina mahali pake na unaweza kukinyooshea kidole. Cha pili ni mkia wa noti: unasikia sauti inavyofifia mpaka inazimika, badala ya kukatika ghafla. Cha tatu ni wepesi: unasikiliza saa mbili na kichwa hakichoki.

Viandike vitatu hivyo kwenye karatasi. Kila unapojaribu hedfoni, jiulize hayo tu.

2. Chagua nyimbo tano unazozijua kwa moyo

Usikubali kujaribiwa kwa wimbo wa muuzaji. Yeye ameshauchagua ule unaoipendezesha bidhaa yake. Nenda na zako.

Wimbo wa kwanza uwe wa sauti ya mtu na vyombo vichache. Bi Kidude anafaa sana, maana sauti yake ina mikwaruzo na uzito ambao hedfoni mbovu huulainisha. Wa pili uwe wa kundi kubwa la taarabu, kama Culture Musical Club ya Zanzibar. Fidla zikipiga pamoja, jaribu kuzihesabu. Kisha ishike noti moja ya ganuni na uifuate mpaka iishe.

Wa tatu uwe wa dansi wenye magitaa matatu. Achana na solo, kila mtu analisikia. Lifuate gitaa la rhythm toka mwanzo hadi mwisho. Ukilipoteza njiani mara mbili tatu, hedfoni hiyo inachanganya mambo.

Wa nne uwe wa ngoma. Sikiliza pigo linavyoanza na linavyokoma, usisikilize ukubwa wake. Wa tano ni ule unaoupenda kuliko yote. Huo hauna swali, ni wa kukuonyesha kama unafurahi.

3. Kagua rekodi yenyewe

Wimbo uliotumiwa kwa WhatsApp na kupita simu kumi haupimi chochote. Tumia CD, faili la FLAC, au huduma inayotoa muziki bila kuupunguzia ubora, kama Apple Music, ambayo inafanya hivyo tangu mwaka 2021 bila kuongeza bei.

Tenganisha pia nyimbo za kupimia na nyimbo za kupenda. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, sauti iliingia kwenye santuri kwa chaneli moja. Msikilize kila siku ukipenda. Ila usimtumie kupima kushoto na kulia, kwa sababu hakuna hedfoni inayoweza kutoa kisichorekodiwa.

4. Tafuta pa kusikilizia

Usinunue ya bei hii kwa kusoma sifa tu. Ukisafiri, panga nusu siku kwa kazi hiyo. Akihabara, Tokyo, kuna maduka ambamo unaweza kukaa na kujaribu hedfoni moja baada ya nyingine. Maonyesho ya CanJam, yanayofanyika miji kama London, New York na Singapore, huweka nyingi ukumbini kwa ajili ya wageni kuzivaa.

Beba hedfoni unayoitumia kila siku. Hiyo ndiyo rula yako. Isikilize kwanza dakika tano, kisha vaa ya gharama, kisha rudi kwenye yako. Tofauti huonekana vizuri zaidi unaporudi.

5. Sawazisha sauti kabla ya kulinganisha

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Hedfoni inayopiga juu kidogo tu itasikika bora, hata kama ni mbaya zaidi. Masikio yetu ndivyo yalivyo.

Weka sehemu ya wimbo ambayo mwimbaji anaimba kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Vaa ya kwanza, rekebisha. Vaa ya pili, rekebisha mpaka sauti ya mwimbaji iwe sawa na ile. Badilisha mara tatu nne kuhakikisha. Ni dakika mbili zinazoweza kukuokolea milioni.

6. Ficha bei na jina

Mwombe rafiki akuvalishe ukiwa umefumba macho, bila kukwambia ni ipi. Uzito na pedi vitakupa fununu, lakini bado utasikiliza kwa makini kuliko ukiwa unaitazama lebo.

Kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alilinganisha vipimo vya hedfoni nyingi na bei zake. Hakuona uhusiano kati ya bei na jinsi hedfoni inavyogawa besi, sauti za kati na sauti za juu. Kwa hiyo bei ikuambie habari za vifaa na ufundi, ila usiiulize habari za ladha. Ladha iulize sikio.

7. Vaa saa nzima

Dakika tano hazitoshi. Hedfoni za planari, yaani zenye kiwambo bapa kinachoendeshwa kwa sumaku, ni nzito, hasa za zamani kidogo. LCD-4 ya Audeze inazidi gramu 600. HD 600 ya Sennheiser ina takriban gramu 260. Tofauti hiyo hutaisikia dukani, utaisikia shingoni baada ya saa moja.

Jaribu ukiwa kama unavyokaa nyumbani. Kama unavaa miwani, vaa. Kama una rasta au unavaa hijabu, usivivue kwa ajili ya jaribio. Gusa pedi pia. Ngozi huloa jasho upesi kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Kitambaa cha mahameli hupumua vizuri zaidi, ila hunyonya jasho na kuchakaa, kwa hiyo ulizia bei ya pedi za akiba.

8. Kipime chumba chako

Hedfoni nyingi za daraja la juu ni za wazi: mgongo wake una matundu. Ndiyo maana muziki unasikika kama uko chumbani na hauko ndani ya kichwa. Lakini matundu yanayotoa sauti huingiza kelele pia.

Kaa pale utakaposikilizia, saa ile utakayosikilizia, na unyamaze dakika moja. Unasikia bodaboda? Feni? Televisheni ya sebuleni? Vyote hivyo vitakaa juu ya ule mkia wa noti uliotaka kuulipia. Na aliyelala karibu yako atausikia wimbo wako wote.

Kama huna saa tulivu nyumbani, chagua hedfoni iliyofungwa, au fanya usiku wa manane uwe wako. Usiinunue ya wazi kwa matumaini.

9. Soma tarakimu mbili: omu na desibeli

Kwenye karatasi ya hedfoni tafuta namba ya omu na namba ya desibeli. Omu nyingi zinataka volti nyingi. Desibeli chache zinataka nguvu nyingi. Hedfoni nyingi za simu huvuka desibeli 100. Susvara imeandikwa 83. Kila desibeli 10 unazopungukiwa zinadai nguvu mara 10.

Kwa hiyo panga bajeti ya vitu viwili, hedfoni na amplifaya yake. Za elektrostatiki kama Stax zina masharti zaidi: kiwambo chake chembamba kinahitaji mamia ya volti, hivyo lazima uwe na amplifaya maalumu. Huwezi kuichomeka kwenye simu wala kwenye amplifaya ya kawaida.

10. Soma volti kabla ya kuchomeka

Umeme wetu Afrika Mashariki ni volti 230 hadi 240. Marekani ni 120. Japani ni 100. Amplifaya iliyonunuliwa huko inaweza isiwe na swichi ya kubadilisha.

Nimeshuhudia moja ikiletwa kutoka Marekani kama zawadi. Tuliichomeka wote tukiwa tumeizunguka. Taa iliwaka mara moja, ikasikika paa, halafu harufu ya plastiki ikajaa chumba. Muuzaji hakusema neno juu ya volti, na namba ilikuwa imeandikwa nyuma, karibu na tundu la waya, kwa herufi ndogo. Geuza mashine, mulika kwa tochi ya simu, soma. Kama haisemi 220 hadi 240, tumia transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha, au usiinunue.

11. Anza ngazi ya katikati

Usiruke toka iafoni ya simu hadi dola 4,000. Anza na hedfoni moja ya wazi iliyokwisha kujithibitisha. HD 600 ilitoka mwaka 1997 na bado inauzwa kwa mamia machache ya dola. Pedi na waya wake vinabadilishwa kwa mkono, kwa hiyo inakaa miaka.

Kaa nayo miezi sita. Jifunze kutumia ikwalaiza: punguza kidogo kinachokuudhi badala ya kuongeza unachokitaka. Baada ya miezi hiyo utaweza kusema kwa sentensi moja kinachokosekana. Ukishaweza kuisema sentensi hiyo, ndipo utajua ununue ipi. Ukishindwa kuisema, pesa yako bado ina kazi nyingine.

12. Ukinunua iliyotumika, kagua mambo manne

Omba namba ya utambulisho na uiulize kampuni iliyoitengeneza kama ni halali, maana bandia zipo. Sikiliza wimbo wa mono, yaani wa chaneli moja: sauti ikae katikati kabisa, isivute upande. Ikivuta, igeuze hedfoni. Mvuto ukibaki kwenye sikio lilelile, tatizo liko masikioni mwako, huenda ni nta, kamwone daktari. Tikisa waya karibu na kila kikombe usikie kama kuna mkwaruzo. Mwisho bonyeza pedi: zilizolala bapa hubadilisha sauti, hivyo kata gharama yake kwenye bei.

13. Sauti iwe ndogo

Hedfoni nzuri haikwaruzi ukiongeza sauti, kwa hiyo hakuna kinachokuonya. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, zinabaki saa 4 tu.

Kwa hedfoni ya wazi kuna kipimo rahisi: mtu aliye karibu nawe akisema kwa sauti ya kawaida na humsikii, punguza. Sikio halinunuliwi tena.

14. Andika, lala, kisha amua

Ukimaliza kujaribu, usitoe pesa siku hiyo. Chukua daftari uandike ulichosikia, wimbo kwa wimbo. Kesho asubuhi lisome.

Kama umeandika habari za marumaru, ngozi, kasha na jina la kampuni, ahirisha. Kama umeandika kwamba fidla zilikuwa nne wakati miaka yote ulidhani ni mbili, au kwamba mwimbaji alitabasamu kwenye ubeti wa mwisho na ukalisikia tabasamu lile, basi sikio lako limeshafika. Hesabu pesa zako, uone kama nazo zimefika.