Nguo Inafia Wapi: Mafunzo Niliyopata Mwakitolyo

Kwa miaka mingi nimevisha waigizaji wa filamu na tamthilia ambao wahusika wao wana nyumba za ghorofa, magari na suti. Kazi hiyo naijua: unazunguka Kariakoo, unampigia fundi wako, na msanii naye anakuja na begi lake la nguo kutoka nyumbani. Ikaja filamu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, hadithi ya mwaka 2014, na muongozaji hakutaka machimbo ya kuigiza. Tukaenda Mwakitolyo, Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga. Yafuatayo nimeyapata huko.

1. Mtu hakupi jasho lake hivihivi

Nilipanga tubadilishane: mchimbaji atupe shati lililochakaa, nasi tumpe jipya. Mama ntilie aliyekuwa akitupikia ndiye aliyeniweka sawa kabla sijatangaza. "Dada," akasema huku akigeuza ugali, "mgeni anayezunguka kwenye maduara akiomba nguo zenye jasho la watu, unadhani watamwita nani?"

Nilimwelewa mara moja. Machimboni mganga hayuko mbali na mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na nguo uliyoivaa ikiingia mikononi mwa usiyemjua ni kama umempa mwili wako. Basi tukaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nguo zilibadilishwa mchana kweupe, karibu na vibanda vya chakula, kila moja ikiandikwa daftarini, na mwenyewe akielezwa nani ataivaa na ataonekana akifanya nini. Wapo waliokataa, na hatukuwabembeleza. Mzee mmoja alikuwa na shati la mikono mirefu ambalo nililitamani kuliko nguo zote nilizoziona pale. Alilivaa siku duara lao lilipotema dhahabu, na tangu siku hiyo haliuzwi wala haliazimwi. Aliniruhusu kulipiga picha, nikampelekea fundi wa Shinyanga mjini picha hiyo ashone mfano wake.

2. Kila kazi inaua nguo mahali pake

Ukimwambia mtu asiyeifahamu kazi hii achakaze nguo za mchimbaji, atazichanachana na kuzipaka matope kila mahali. Muigizaji ataonekana ametoka kugombana na mbwa. Nguo ya kazi haichakai hivyo. Kaa kwenye benchi la muuza chai, uangalie watu wanavyotumia miili yao.

Anayeshuka duarani anabana mgongo ukuta huu na miguu ukuta wa pili. Kwa hiyo shati lake linakufa mgongoni, chini kidogo ya mabega, wakati kifuani bado lina rangi ya dukani. Suruali inakufa magotini. Mvuta kamba shati lake linaliwa tumboni na kwenye mbavu, upande mmoja zaidi ya mwingine, kutegemea mkono anaoutumia. Mama anayeponda mawe amekaa chini, kitenge chake kimelika makalioni, na kwenye paja kuna vitundu vidogovidogo vilivyotobolewa na vipande vinavyoruka. Wanaoosha mchanga kwenye mwalo wana pindo lililokakamaa kwa tope na mikono ya shati iliyokatwa kwa kisu juu ya kiwiko, maana mkono mrefu ukilowa unakuwa mzito.

Mwenye duara utamtambua kwa viatu. Hana haja ya kuvaa vizuri sana. Inatosha kwamba raba zake hazina tope.

Baada ya hapo kazi yetu ikawa nyepesi. Msasa na brashi ya waya tulivitumia pale tu panapogusana na ukuta, kamba au jiwe. Nguo mpya tulizilowesha kwenye chai ya rangi ili weupe uzimike, kisha tukazianika juani kwa zamu. Muigizaji wetu mkuu, kijana wa mjini, alipovaa shati lililokwisha mgongoni, akaanza mwenyewe kutembea ameinama kidogo.

3. Vumbi la karasha si poda

Mpiga picha alilipenda vumbi lile jeupe linalotanda mabegani na kwenye kope za watu wa makarasha, mashine za kusagia mawe, akataka tulipake moja kwa moja kutoka kwenye lundo. Nilikataa. Mawe yanayosagwa pale yana silika, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Wachimbaji wanaolivuta kwa miaka wanaweza kuishia na kikohozi ambacho dawa za kawaida haziponyi. Tulitumia unga wa muhogo uliochanganywa na majivu yaliyochekechwa. Nguo tulizopewa na wachimbaji hatukuzikung'uta, maana kukung'uta ndiko kunakolirusha vumbi. Tuliziloweka kwanza, tukiwa na barakoa na glavu. Na nguo yoyote iliyokuwa karibu na zebaki, pale wanapokamatishia dhahabu, sikuichukua hata ingekuwa nzuri namna gani.

4. Jezi ina tarehe

Machimboni jezi za Simba na Yanga ndizo sare. Ila jezi inataja mwaka kwa sauti kubwa kuliko mhusika yeyote. SportPesa walianza kuzidhamini klabu hizo mwaka 2017; jezi yenye jina hilo kifuani ikipita nyuma ya muigizaji katika filamu ya 2014, mashabiki wataacha kusikiliza maneno. Ilibidi nisimame kando ya kamera nikiwaomba vijana wapitao wageuze jezi ndani nje. Walicheka, wakageuza.

Mnunuzi wa dhahabu naye ana tarehe yake. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na mengine yakafuata, biashara ikahamia huko. Mnunuzi wa 2014 alizunguka mwenyewe na mizani yake. Nikamshonea koti jepesi lenye mfuko mpana wa ndani, na muigizaji akajifunza kuitoa mizani bila kuangalia chini.

5. Shati moja ni mashati matatu

Mhusika anaingia duarani msafi, anatoka mchafu, halafu muongozaji anataka arudie kuingia. Unahitaji nakala, na mitumba haina nakala. Fulana za kampeni za vyama ndizo zinazopatikana nyingi zinazofanana, lakini sikutaka chama chochote kiingie kwenye hadithi. Nilinunua jora la kitambaa, fundi akashona. Kila nakala ilikuwa na namba ndani ya kola na picha yake kwenye simu, mbele na nyuma.

6. Mtu wa sauti ana haki ya kukataa nguo

Vizibao vya nailoni vinang'aa vizuri ila vinapiga kelele kwenye maikrofoni. Tukavipeleka kwa watu wa nyuma wasiosema.

7. Ijue bei ya kazi yako

Ruth E. Carter alipopata Oscar ya mavazi mwaka 2019 kwa Black Panther, wengi huku kwetu walidhani kazi hii ni taji na shanga. Mimi huwaonyesha vijana Queen of Katwe ya 2016, ambayo Mobolaji Dawodu alibuni mavazi yake: kuna mitumba, sare za shule na magauni ya mama anayeuza mahindi mtaani Kampala, na kila nguo inasema nani ana hela na nani hana. Kazi ya namna hiyo haionekani, na kisichoonekana watayarishaji wetu hawapendi kukilipia. Nimewahi kuambiwa mavazi "yatapatikana tu hukohuko". Siku hizi bajeti yangu ina mstari wa sabuni na maji, mstari wa nguo mpya za kubadilishana, na mstari wa siku za kukaa na kuangalia kabla kamera haijafika. Wa mwisho ndio wanaoanza kuukata. Wakiukata, naomba wanitafutie mtu mwingine.