Afadhali Ufukiwe Kwenye Simu

Wenzetu wa uhandisi na ukadiriaji majenzi wanajua: siku ya kwanza ya fildi unapewa kofia ngumu, unaambiwa "kuwa makini", basi, umeshafundishwa usalama. Makini na nini? Hilo halisemwi.

Chukua Lutindi, Korogwe, kule milimani iliko hospitali ya afya ya akili. Ardhi ni mteremko, kwa hiyo kabla ya kujenga lazima uchonge mlima upate kiwanja. Kibarua anabaki chini na sururu, mgongoni kwake umesimama ukuta wa udongo. Mita moja ya ujazo ya udongo huo ina uzito wa tani 1.5 hivi, kama gari dogo. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi ukuta unaonekana uleule, kumbe umeongezeka uzito na kupungua nguvu. Jicho geni halioni kitu.

Hapo ndipo gemu ya kuigiza saiti ina kazi. Unazunguka eneo, unatafuta nyufa juu ya ukingo, unaangalia ngazi iko wapi, kifusi kimerundikwa wapi. Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni, na mtaro wa kina cha mita 1.5 au zaidi uwe na kinga, isipokuwa kwenye mwamba imara. Kwenye slaidi za lekcha namba hizo zinapita tu. Lakini ukifukiwa mara tatu kwenye simu, ya nne kifusi utakisogeza bila kuambiwa.

Ila si gemu yoyote. Gemu iliyojaa kreni na majukwaa ya chuma itamsaidia nini mtu anayepanda mirunda iliyopigiliwa misumari, akipokezana karai la zege?

Halafu kuna foremani. Saiti, hatari haiji na taa nyekundu, inakuja na sauti: "Shukeni, zege halilali!" Kibarua analipwa kwa siku, akikataa, huenda akakosa ya leo. Sasa gemu inayompa pointi anayemaliza haraka inafundisha kilekile kinachoua. Foremani awemo, mkali, na ujira upungue kweli ukigoma kushuka.

Na tusimbebeshe kibarua kila kitu. Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka. Watu 36 walikufa. Umakini wa mbeba zege usingelizuia lile. Kwa hiyo mchezaji acheze pia kama mhandisi, anayeletewa karatasi asaini wakati mwenye jengo anapiga simu kila saa. Hiyo sehemu ni yetu sisi, jamani, si ya kibarua.

Wenzetu wa kompyuta, kwa Unity mnaweza kutengeneza gemu ya Android isiyohitaji bando. Anzeni na vitu vinne tu: ukuta wa udongo, mvua, kifusi na foremani. Kisha mpeni fundi wa Lutindi aicheze kwanza, awaambie mlipokosea.