SOMO LA WIKI: Meatu ina bidhaa, haina jina

Wiki hadi wiki ukurasa huu huangalia pamba, mazao ya chakula na mifugo. Leo tuangalie bidhaa isiyopimwa kwa mizani: utalii wa vijijini.

Mfanyabiashara wa Mwanhuzi atauliza, utalii unanihusu nini? Unamhusu sana. Mashariki mwa Wilaya ya Meatu, jirani na Pori la Akiba la Maswa na Ngorongoro, vijiji vilitenga ardhi yao kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Makao. Wanyama wapo, wageni wanafika. Lakini wengi huuziwa safari hiyo kwa jina la Serengeti. Mgeni anarudi kwao bila kulijua jina la Meatu, na asiyelijua jina hawezi kuliulizia tena.

Je, jina hujengwaje? Wengi hudhani ni kuchora nembo na kubandika mabango. Sivyo. Jina ni ahadi inayoweza kukaguliwa. Mfano tunao hapa hapa. Tangu mwaka 1994, wakulima wa Meatu wamelima pamba hai chini ya mradi wa bioRe. Kwa macho, pamba hiyo haina tofauti na nyingine. Kinachoitofautisha ni daftari la wakulima, ukaguzi wa mashamba na cheti. Kumbukumbu zilitangulia, jina likafuata, na nyongeza ya bei ikaja mwisho.

Somo la pili linatoka Mto wa Mbu. Mwaka 1995 mpango wa utalii wa utamaduni ulianza kaskazini mwa nchi kwa msaada wa shirika la Uholanzi, SNV. Wanakijiji hawakuwa na tembo wa kuuza. Waliuza matembezi mashambani, chakula cha nyumbani na kazi za mikono, wakiongozwa na vijana wa hapo hapo. Meatu nayo ina ngoma za Kisukuma, asali na maziwa.

Tatu ni hesabu. Usimamizi wa kisasa huanza na maswali mepesi: wageni wangapi, wamelala siku ngapi, wamenunua nini, wamelalamikia nini? Simu ya mkononi yatosha kutunza majibu hayo. Kanuni za mwaka 2012 ziliweka angalau nusu ya mapato ya jumuiya kuwa ya vijiji wanachama. Mwanakijiji asiye na takwimu atajuaje kama nusu hiyo imefika?

Hapo ndipo penye hatari. Ardhi ya Makao inatakiwa pia na ng'ombe na jembe. Mfugaji asiyeona faida ya tembo hatavumilia shamba lake kukanyagwa. Hifadhi isiyolipa haidumu.

Ushauri wetu: anzeni na daftari la wageni, chagueni huduma mbili au tatu mnazoweza kuzitimiza kila siku, ndipo mchore nembo. Anayeanza na nembo anauza gunia tupu.